Alama ya Shingo

Kwenye meza ya ofisi, Igogo ni karatasi.
Mistari ya mwinuko imejizungusha
kama dole gumba la mtu asiyejua kusaini.
Ziwa ni samawati iliyopakwa harakaharaka.
Injinia Machumu akaweka rula,
akapiga mstari mmoja toka ufukweni hadi kileleni,
akasema: "Tangi hapa. Lita milioni mbili.
Bomba la inchi kumi na mbili. Maji yapande."

Yapande.
Tangu lini maji yakapanda kwa kuambiwa?

Mimi ndiye mshika ufito.
Kazi yangu kusimama wima, jiwe hadi jiwe;
nikipungiwa mkono nasogea,
darubini inanitazama kwa jicho moja
na namba zangu anaziandika mtu mwingine.
Siku ya kwanza mstari wa rula uligonga jabali
kubwa kama mahakama.
Siku ya pili uliingia chumbani kwa mwalimu Bwire,
ukapita juu ya kitanda, ukatokea jikoni.
Siku ya tatu tulikaa kivulini mwa mwamba, tukatafuna karanga,
injinia akilaumu ramani,
ramani ikilaumu mawe,
mawe yamenyamaza, maana yalitangulia.

Ndipo akapita Nyanzobe.
Ndoo ya lita ishirini juu ya ngata ya kanga kuukuu,
kidumu mkono wa kulia,
mguuni kandambili za rangi mbili.
"Mwangaluka," akasema bila kugeuza kichwa,
maana kichwa hakikuwa chake saa ile.
Akakata kushoto nyuma ya vyoo, akapotea,
akaibuka juu,
mahali palipotushinda siku tatu.

Nikamfuata na ufito wangu.
Nikapima alikopita.
Kila hatua ishirini, mwinuko uleule,
kana kwamba nyayo zake zimesomea hesabu.
Njia inapopinda pana jiwe bapa
lililolainika kwa kutuliwa vyombo:
mama yake alitua hapo debe,
bibi yake mtungi.
"Hapa sharti upumue," akaniambia.
"Usipopumua hapa, kule juu shingo inakatika."
Injinia akaandika: pampu ya pili.

Ramani ina alama ya valvu, ya pampu, ya tangi,
ya kaburi, ya mnara wa simu, ya mti mkubwa.
Nilitafuta.
Haina alama ya shingo.

Jioni akatuuliza, akihesabu sarafu zake,
ndoo mia tano kileleni, mia tatu katikati:
"Hilo bomba lenu litapita njia yangu?"
Litapita.
"Na lenyewe litauza shilingi ngapi?"
Injinia akataja bei ya uniti,
akaigawa kwa ndoo, kwa kidole, kwenye vumbi.
Haikufika hamsini.
Nyanzobe akacheka. Kisha akaacha.
"Nafuu," akasema. "Hata mimi nitanunua.
Sijui kwa hela ipi."

Hatukumjibu. Tulitazama chini.
Ukiishi huku juu unaliona ziwa lote,
hadi visiwa, hadi moshi wa meli,
na ndani huna la kunawia uso.

Leo mchoro umesainiwa.
Mstari umepinda mara saba.
Wakubwa waliuliza mbona hauendi moja kwa moja;
injinia akajibu, "Hali ya ardhi,"
nami nimesimama nyuma yake, wima,
kama nilivyozoea.
Karatasi kabla haijakunjwa
niliinama penye jiwe bapa, penye pampu ya pili,
nikachora kiduara,
na juu ya kiduara kingine, kikubwa kidogo.
Kwenye ufunguo sikuandika kitu.

Karani wa nakala alidhani ni doa.
Alilifuta, akalifuta tena.
Penseli yangu ilikuwa ya seremala.